Hiyo ni Kazi Ingine

"Nisimame wapi?"

Jirani yangu aliniuliza hivyo asubuhi moja ya mvua za Aprili 2024, baada ya maji ya mto kuingia kwake usiku. Godoro lilikuwa limeegemezwa ukutani likichuruzika, sufuria zimejaa matope, na yeye alikuwa ameinama akisukuma maji nje kwa fagio. Aliponiona mlangoni hakusema karibu. Aliweka fagio kando, akamwita mtoto wake, akampangusa uso kwa ncha ya leso, halafu akauliza asimame wapi.

Nilikuwa nimeenda kumpa pole. Hivyo ndivyo nilivyojiambia nikitoka kwangu. Lakini simu ya ofisi nilikuwa nimeishika mkononi, na aliiona hiyo kabla hajaniona mimi. Ningeweza kuitia mfukoni nikashika fagio. Badala yake nilimwonyesha mahali pa kusimama. "Hapo mlangoni, hapo kuna mwanga." Nikapiga picha nane.

Mtoto aliyepanguswa uso nilimfundisha kusoma. Hiyo ndiyo kazi niliyoajiriwa kufanya.

Shirika lenyewe sitalitaja. Ni dogo, na wengi wanaofanya kazi humo ni watu wa mtaa kama mimi. Mwaka 2021 walinipa barua ya ukurasa mmoja iliyosema mimi ni Msaidizi wa Usomaji. Kazi ilikuwa kuketi na watoto wadogo baada ya shule, hapa Lindi, kwenye chumba cha mabati chenye rafu mbili za vitabu, mpaka waache kukariri na waanze kusoma. Kuna tofauti. Mtoto anayekariri hufungua ukurasa wowote na kukutajia hadithi ile ile bila kusita. Siku anayoanza kusoma kweli, anakwama. Anaweka kidole kwenye neno, anakunja uso, anakutazama. Nilikuwa naipenda sana hiyo siku ya kukwama.

Halafu mfadhili wa kwanza akamaliza muda wake, akaja mwingine, na huyu wa pili alitaka kuona. Alitaka nyuso, alitaka mama akieleza maisha yalivyokuwa na yalivyo sasa. Mkurugenzi akaniuliza kama najua kupiga picha kwa simu. Nairobi hii, nani hajui? Nikasema sawa. Ilikuwa siku moja kwa wiki, kisha ikawa mbili. Mwaka wa pili ukiisha, rafu moja ya vitabu ilikuwa imepelekwa stoo ili meza ya kompyuta ipate nafasi, nami nilikuwa nazunguka mtaani siku nne kwa wiki nikikusanya hadithi za watu. Barua yangu bado ilisema Msaidizi wa Usomaji. Mathe bado aliwaambia wenzake kanisani kwamba binti yake ni ticha.

Hakuna siku niliyoambiwa, kuanzia leo kazi yako ni hii. Kwa hiyo hakukuwa pia na siku ambayo ningeweza kusema hapana.

Ukilalamika mtaani kuhusu jambo kama hili, utajibiwa kwa maneno matatu: kazi ni kazi. Mwenye umri mkubwa kidogo atakukumbusha kwamba mchagua jembe si mkulima. Sidharau jibu hilo. Nimekulia mahali ambapo mtu mmoja huuza mitumba asubuhi, hutengeneza simu mchana, na usiku hulinda ploti, na hakuna anayemuuliza aliandikwa kufanya nini. Kama una mshahara unaoingia kwa M-Pesa kila mwisho wa mwezi halafu unasema "lakini hii siyo kazi niliyoombea," unasikika kama mtu aliyeletewa ugali akalalamikia rangi ya sahani.

Basi kwa miaka miwili nilidhani kinachonisumbua ni maringo tu. Nilikuwa nikijisema kila asubuhi: una bahati, nyamaza, chaji simu, toka.

Kaka yangu ndiye aliyenitoa kwenye hayo mawazo, na hata hakukusudia. Yeye ni mtu wa mjengo. Huondoka Lindi kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, kwa miguu, pamoja na umati wa wengine wanaoelekea Kilimani na Kileleshwa ambako maghorofa hayaishi kuota. Alianza kama mtu wa mkono: kubeba mawe, kukoroga saruji, kupandisha ndoo za maji. Sai ni fundi wa plasta. Kwao fundi hulipwa karibu mara mbili ya mtu wa mkono, na kila mtu kwenye saiti anajua nani ni nani.

Jioni moja nikamsimulia kuhusu zile picha nane. Alisikiliza akila, kisha akauliza, "Walipokuambia uanze mambo ya picha, ulisema nini?"

"Nilisema sawa."

"Ukasema sawa, basi? Hukuongea?"

Akanieleza vile inavyoenda kwao. Msimamizi anaweza kumtoa mtu wa mkono kwenye koroga akamwambia, njoo huku, shika mwiko, nisaidie na huu ukuta. Kijana hakatai. Mwiko ndio njia ya kuwa fundi, na kaka yangu mwenyewe alipitia hapo. Lakini kabla hajarusha saruji ukutani anasema, "Boss, hiyo ni kazi ingine. Tuongee." Wanaongea dakika mbili. Pengine bei inapanda kidogo. Pengine anaambiwa leo ni ya kujifunza, bei ni ile ile, naye anakubali kwa sababu kujifunza ndiko anakotaka. Pengine hawaelewani, anarudi kwenye ndoo zake. Vyovyote iwavyo, mtu hamalizi siku nzima ya plasta huku akiitwa mtu wa mkono bila jambo hilo kutajwa.

Hilo neno lilinikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Watu wa mjengo hawana barua. Hawana cheo kilichochapishwa. Wengi huandikwa asubuhi na kulipwa jioni. Lakini walikuwa na kitu ambacho mimi mwenye barua sikuwa nacho: wanajua kwamba mtu akikubali, amekubali kitu fulani. Kitu hicho kikibadilika, ile "sawa" ya kwanza haitoshi tena. Nauli uliyolipa kutoka Railways hadi Kibera haimpi kondakta ruhusa ya kukupeleka Ngong', hata kama Ngong' ni kuzuri na hewa ni safi. Anaweza kukuuliza. Huenda hata ukakubali. Lakini lazima akuulize.

Nadhani ndiyo maana "kazi ni kazi" inatuchanganya. Imebeba mambo mawili kwa mpigo. La kwanza ni kwamba hakuna kazi halali ya kuonea aibu, na hilo ni kweli; nimelelewa kwa pesa za kufua nguo za watu. La pili limejificha nyuma ya la kwanza: kwamba ukishalipwa, anayekulipa anaweza kukugeuzia kazi anavyotaka, na wewe huna la kusema. Hilo si kweli, na mtu wa mkono pale Kilimani, ambaye hana akiba ya siku mbili, hakubali liwe kweli.

Lakini nisimpambe sana kaka yangu. Yeye anaweza kusema "tuongee" kwa sababu kwenye ile saiti wako arobaini, na wote wanasikia. Mtazame mama fua. Wanawake wa Kawangware na Kibera huketi kando ya barabara za Kilimani, Kileleshwa na Lavington wakingoja kuitwa. Mmoja anaitwa kufua, wanapatana bei langoni. Lango likishafungwa, anaambiwa ukimaliza piga deki. Halafu kuna vyombo. Halafu niangalizie mtoto kidogo, nafika dukani tu. Mathe alifanya kazi hiyo miaka mingi na hakuna haja ya kumfundisha kwamba hiyo ni kazi ingine. Anajua. Anachokosa ni shahidi. Halafu anafikiria wiki ijayo, kama ataitwa tena.

Kwa hiyo mtu asije akakuambia ni suala la ujasiri peke yake, ati ungesema tu. Kusema kunahitaji mwingine wa kusikia, zaidi ya yule anayekulipa.

Na kama unadhani haya ni mambo ya ndoo na mwiko, njoo kwenye kompyuta. Mwaka 2018 BBC iliandika kuhusu vijana wa Kibera waliokuwa wakifanya kazi katika kampuni ya Samasource, iliyoanzishwa na Leila Janah mwaka 2008 ili kuwapa kazi za kidijitali watu wa mitaa kama yetu. Siku nzima walichora mistari kuzunguka magari, watu na alama za barabarani kwenye picha, ili magari yasiyo na dereva yajifunze kuona. Mwaka 2019 kampuni hiyo, ambayo siku hizi inaitwa Sama, ikaanza pia kuchuja maudhui ya Facebook papa hapa Nairobi. Sisemi ni wafanyakazi wale wale. Nasema mlango wa "kazi ya kompyuta" ulikuwa ule ule, na nyuma yake kulikuwa na chumba kingine.

Daniel Motaung aliletwa kutoka Afrika Kusini kwa kazi hiyo ya kuchuja. Amesema hakuelezwa mapema ni vitu gani angekuwa anatazama, na kwamba video ya kwanza anayoikumbuka ni ya mtu akikatwa kichwa. Kulikuwa na wengine waliosema waliomba nafasi wakidhani ni ya kupokea simu za wateja. Mwaka huo huo wa 2019 Motaung alijaribu kuwaunganisha wenzake zaidi ya mia moja wadai hali bora, akafutwa kazi. Mei 2022 akafungua kesi Nairobi dhidi ya Sama na Meta, ambazo zimekana kufanya makosa. Februari 2023 Mahakama ya Ajira ilisema Meta inaweza kushtakiwa hapa Kenya, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nayo.

Katikati ya hizo tarehe kuna moja ninayoipenda kuliko za mahakama. Tarehe 1 Mei 2023, zaidi ya wafanyakazi 150 wa kuchuja maudhui walikutana Nairobi wakapiga kura ya kuunda chama chao. Watu waliokuwa wamesaini makaratasi ya kutozungumzia kazi yao, kila mmoja na kioo chake, kama mama fua nyuma ya lango. Siku hiyo wakawa watu wa saiti. Wengine walisikia.

Sheria yenyewe iko upande wa yule kijana wa mkono, ingawa sidhani kama amewahi kuisoma. Kifungu cha 10 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinataka mkataba wa maandishi ueleze kazi ni ipi, na mambo hayo yakibadilika, mwajiri ashauriane na mfanyakazi, aurekebishe mkataba, na amjulishe mabadiliko kwa maandishi. Ashauriane. Ndiyo "tuongee" ile ile, ila imevaa tai.

Nilipofika hapo nilijihisi mtu aliyekosewa, na kwa siku chache nilifurahia hisia hiyo. Kisha nikakumbuka fagio.

Jirani yangu naye alikuwa amekubali kitu fulani. Alinikubali kama jirani na kama mwalimu wa mtoto wake. Mimi nafundisha, yeye jioni ananitumia mandazi mawili kwenye karatasi. Hayo ndiyo yalikuwa mapatano yetu, na hayakuhitaji barua. Mahali fulani katika ile miaka miwili nikambadilishia kazi. Akawa kile ambacho ripoti zetu zinakiita mnufaika. Kusimama kwenye mwanga, kumpangusa mtoto, kusubiri mpaka picha itoke vizuri, kueleza hasara yako kwa sentensi fupi ili zitoshee chini ya picha: hiyo ni kazi. Hailipwi, na sikuwahi kumuuliza kama anaitaka. "Nisimame wapi?" lilikuwa swali la mtu ambaye tayari amejua majukumu yake mapya.

Nikaangalia juu nikaona jambo lile lile. Mkurugenzi wetu alikuwa mwalimu. Siku hizi hukesha akiandika maombi ya pesa kwa watu asiowafahamu, kwa maneno ambayo wao wanayapenda mwaka huo. Naye hakuulizwa, aliambiwa mfadhili ana mwelekeo mpya. Kila mmoja alimgeuzia kazi aliye chini yake, kila mmoja akidhani "sawa" aliyoisikia zamani bado inafanya kazi. Mwisho wa huo mstari kuna mwanamke amesimama kwenye matope na hana wa kumgeuzia yake, isipokuwa mtoto aliyempangusa uso.

Hicho ndicho kilichonifanya nione kwamba kunyamaza kwangu hakukuwa uvumilivu tu. Mtu akizoea kutoulizwa, polepole anasahau kwamba watu huulizwa. Nilifikiri nimemeza jambo na likaishia kwangu. Kumbe nilikuwa nalipitisha.

Niliandika nusu ukurasa. Juu: kazi niliyoajiriwa. Katikati: kazi ninayofanya, siku kwa siku, kwa wiki moja. Chini: naomba tuongee. Sikuenda peke yangu, maana nilikuwa nimejifunza kitu kuhusu mashahidi. Nilienda na mlinzi wetu, ambaye pia ndiye hurekebisha stima na mabomba, na dada wa mapokezi ambaye alijikuta ndiye mpishi kila wageni wakija. Kila mmoja na nusu ukurasa wake.

Mkurugenzi alizisoma zote tatu, akazipanga vizuri mezani, akacheka kile kicheko cha mtu aliyechoka. "Na mimi nikiandika yangu," akasema, "nimpe nani?"

Sikuwa na jibu. Bado sina. Nilimwambia tu aiandike.

Hatukushinda kitu kikubwa. Mlinzi alipata nyongeza ndogo. Dada wa mapokezi aliambiwa wageni watanunuliwa chakula kibandani, na mara nyingi hununuliwa. Mimi nilipewa barua mpya inayoniita Afisa wa Mawasiliano, kwa mshahara ule ule, na mchana mbili kwa wiki za kusoma na watoto. Kuna mstari mmoja niliouomba mimi: picha ya mtu isitoke ofisini kabla mwenyewe hajaiona na kusema ndiyo. Ile rafu bado iko stoo. Kuna siku natamani ningeondoka kabisa, na kuna siku nahesabu kodi ya nyumba na kunyamaza. Lakini sasa najua ni nini nilichokubali, na nikichoka, najua nimechoka na kitu gani.

Nilimwambia mathe pia. Nilidhani ataumia kwamba mimi si ticha tena. Alinitazama kama mtu anayeniona nimechelewa. "Mimi niliitwa kufua," akasema, "nikalea watoto watatu wa watu." Halafu akaniambia majina yao yote, na umri waliokuwa nao alipoacha kuitwa. Miaka yote hiyo sikuwahi kumuuliza.

Ilibaki jirani. Nilichapisha moja ya zile picha nane pale kwa jamaa wa saiba nikampelekea. Aliishika kwa ncha za vidole kwa sababu mikono ilikuwa na unga. "Huyu ni mimi? Mbona nimeinua kidevu hivi?" Akacheka. Kisha akaangalia nyuma yake kwenye picha, kwenye godoro na sufuria, na kicheko kikaisha.

"Hii usiipeleke," akasema.

Ikabidi nimwambie ilishaenda, mwezi mzima umepita, imo kwenye ripoti, na chini yake kuna maneno yake niliyoyafupisha. Ningeweza kumdanganya, na angelala vizuri zaidi usiku huo. Nilikuwa nimechoka na aina hiyo ya usingizi.

Alinyamaza kwa muda. Akaiweka picha chini ya kitambaa cha televisheni, uso ukiangalia chini, akarudi kwenye unga wake. "Siku ingine," akasema bila kugeuka, "uliza."

Nimeenda kwake mara nyingi tangu siku hiyo, na mandazi yalirudi baada ya muda. Mtoto sasa anasoma peke yake, anakwama mara chache. Lakini kila nikifika mlangoni, kabla hajasema karibu, mama yake huangalia kwanza mikono yangu.